Kusahihisha, Ibra

Karatasi arobaini na mbili, kalamu moja nyekundu,
na kiyoyozi kinachokohoa kama mvuta buruma.
Swali la tatu: Taja malengo manne
ya Sheria ya Msingi ya Dola. Alama nne.

Wanaandika kwa Kiarabu, nasoma kwa Kiarabu,
ila alama nazihesabu kwa Kiswahili,
lugha ya jikoni kwetu,
aliyokuja nayo mama kutoka Unguja
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi
katika mji usio na mnazi hata mmoja.

Haki, usawa, umoja, amani.
Haki, usawa, umoja, amani.
Mmoja kaandika imani. Nimempa, nani ajuaye.
Maneno yamepangwa kama vikombe vya wageni,
vile ambavyo siku za kawaida havishikwi.

Kisha Muhanna, yule wa dawati la nyuma,
anayesinzia kipindi cha sita.
Hakutaja hata moja.
Kachora falaji, mfereji wa mji, na mishale.

"Maji yakitoka chini ya mlima," ameandika,
"kwanza yanafika pa kunywea.
Hapo hakuna kunawa, hakuna kufua,
hata shekhe mwenye mitende mia tatu
hatii mguu.
Halafu msikiti.
Halafu hodhi la wanawake, lina ukuta. Halafu la wanaume.
Ndipo mashamba, kila mtu na zamu yake,
nusu saa, robo saa,
mchana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota,
siku hizi kwa simu.
Na ipo zamu moja haina mwenyewe:
inanadiwa Ijumaa, fedha yake inaziba nyufa.
Nadhani waliochimba waliuliza kwanza, nani ana kiu?
Nani ana mitende, waliuliza baadaye."

Chini yake, kwa wino mwingine:
"Rafiqul ndiye anayeingia mtaroni kutoa tope.
Ana miaka kumi na moja hapa. Zamu hana.
Kunywa, anakunywa.
Hili sijui niliweke lengo la ngapi."

Nimeweka kalamu chini.

Nilikuwa na miaka sita tulipofika.
Mtende hatukuwa nao, wala dakika moja ya maji.
Kiarabu cha mama kilikuwa cha msahafu,
akiomba chumvi dukani utadhani anasoma dua.
Watoto waliniita Zinjibari,
mimi ambaye Unguja nilikuwa Mmanga.
Alfajiri ya kwanza alichukua ndoo, akanishika mkono,
tukashuka ngazi za mawe hadi pa kunywea.
Wanawake watano walikuwa wametangulia.
"Wakiuliza sisi wa nani," akaninong'oneza,
"wewe nyamaza, nitajibu mimi."
Tukasubiri kuulizwa.
Nilihisi kiganja chake kinalowa.
Mmoja akasogeza ndoo yake pembeni.
Ya kwetu ikajaa.
Njia nzima ya kurudi mama hakusema kitu,
maji yakimwagikia kanga yake,
na jibu lake bado liko mdomoni.

Mwongozo wa kusahihisha unataka nomino nne.
Hauna pa kutua ndoo.
Nimempa tatu. Nimefuta. Nimempa nne.
Nimemkumbuka mkaguzi wa Maskati, bwana wa miwani na rula,
nikaziacha nne.

Nageuza karatasi niandike jumla, ndipo naona:
jina la mwanafunzi, lipo. La baba, lipo.
Mstari wa kabila kauacha mtupu.
Kanuni ya saba: asiyeujaza, akatwe alama moja.

Kalamu imekauka,
au naisingizia.